Orodha Yangu Nzuri ya Wajane

Mwezi uliopita nilirudisha baiskeli ya kanisa, funguo mbili na gambuti, nikapewa blanketi na saa ya ukutani. Saa hiyo iko nyuma kwa dakika kumi na sijaigusa, maana sasa sina mahali pa kuchelewa. Nyinyi wainjilisti vijana mliobaki Kitengela na Kajiado mliniomba niandike niliyojifunza kazini. Mlisema kurasa mbili zinatosha. Mnanijua: nikianza habari za kanisa la kwanza, lile la mitume, nasimama bila kujua nimesimama, na mikono inaanza kuruka. Kwa hivyo hizi si kurasa mbili.

Mambo ya cheo hayatatuchelewesha. Niliingia nikiwa mwinjilisti na nimetoka nikiwa mwinjilisti.

Nilifika Kitengela mwanzoni mwa miaka ya tisini, mvua ikiwa imenyesha siku tatu mfululizo. Nilitoka Machakos, mama wa watoto wawili, nimevaa viatu vya ngozi nilivyovinunua makusudi kwa siku ya kwanza ya kazi. Ule udongo mweusi mnaujua. Ulishika kiatu cha kulia kabla sijafika kanisani, nikalazimika kukichimbua kwa mkono. Niliingia mbele ya wazee wa kanisa na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Mzee mmoja alisimama kunipa nafasi kwenye benchi, akanitazama mguu, akasema, "Karibu, Mwinjilisti. Udongo wetu umeshakubatiza." Hayo ndiyo yalikuwa makaribisho rasmi.

Kanisa lilikuwa la mabati. Mbele waliketi walimu na makarani kutoka magharibi, waliopanga vyumba mjini na kwenda kazini Nairobi kila alfajiri. Katikati waliketi Wakamba wenzangu, wengi wao wafanyakazi wa viwanda vya upande wa Athi River. Nyuma kabisa, karibu na mlango, waliketi Wamaasai wachache, na ardhi tuliyoikalia sote ilikuwa yao. Niliona mpangilio huo siku ya kwanza, nikaudhani ni wa kawaida tu. Ilinichukua miaka mingi kuushangaa.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Mwalimu Barasa. Alikuwa amestaafu ualimu kule Bungoma, akawafuata watoto wake Kitengela, na kanisa likamkamata kabla hajapumzika. Alivaa koti moja la suti, mfukoni kalamu tatu, na moja kati ya hizo iliandika. Siku yangu ya pili alinipa daftari kubwa lenye kurasa mia mbili, pamoja na rula.

"Piga mstari katikati ya kila ukurasa," akasema.

"Kila ukurasa, Mwalimu?"

"Kwani una haraka ya kwenda wapi? Kushoto andika *Wao*. Kulia andika *Sisi*."

Nilipiga mistari mchana mzima. Aliporudi akanieleza. Kushoto niandike jambo moja ambalo kanisa la kwanza lilifanya, moja tu. Kulia niandike tutakalofanya sisi kabla ya Jumapili. Nikaandika kwa fahari: *Tutapendana*. Akalifuta neno langu kwa mate na kidole.

"Hilo si jambo la kufanya kabla ya Jumapili, dada yangu. Andika nani ataenda wapi, saa ngapi, amebeba nini."

"Na kama sijui la kuandika?"

"Acha wazi. Lakini usifungue ukurasa mwingine mpaka ule umejaa."

Daftari hilo ndilo chombo changu cha kazi. Wengine wana vipaza sauti. Mimi nilikuwa na rula.

Jambo la kwanza tulilojaribu lilikuwa kula pamoja nyumba kwa nyumba. Wao walifanya hivyo, bila jengo, bila benchi hata moja. Basi upande wa kulia nikaandika: Alhamisi, saa kumi na moja na nusu, ploti anayokaa mshirika wetu Mama Nduku, kila mtu aje na chakula cha kwao. Ploti ilikuwa na vyumba kumi na bomba moja la maji. Wapangaji walikuwa wamepanga foleni pamoja kwenye lile bomba miaka miwili bila kujuana majina. Siku hiyo kulikuwa na muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, kulikuwa na ugali na mboga ya mrenda, na jirani mmoja ambaye hakuwa hata wa kanisa letu alikuja na kuku mzima kwa sababu alisikia kelele akadhani kuna harusi. Jamani, nilifurahi! Nilirudi nyumbani nikiruka madimbwi. Nilikuwa nimesoma habari zile tangu Shule ya Jumapili na sikuwahi kudhani zina harufu ya mrenda.

Si kila ukurasa ulifaulu. Tuliposoma kwamba walikuwa na vitu vyote shirika, nikapendekeza tuanze na sufuria. Mwezi ulipoisha vifuniko tisa vilikuwa vimepotea na akina mama wawili hawasemezani. Mwalimu Barasa alisoma ukurasa huo, akakuna kidevu, akasema tungoje kidogo kabla hatujashirikiana vitanda.

Ukurasa uliozaa matunda mengi kuliko yote ulikuwa wa barua. Wao waliandikiana barua, kanisa hili kwa kanisa lile, na barua ikifika inasomwa mbele ya watu wote. Sisi hatukuwa na wa kumwandikia. Ndipo Mama Nduku, aliyekuwa akileta vitunguu na nyanya kutoka Loitokitok, akasema kuna ndugu wanaosali huko Rombo, karibu na mpaka, walio na mashamba ya kumwagilia maji na mabati machache kuliko yetu. Tukawaandikia. Tuliwaambia sisi ni nani, tunafanya kazi gani, nani anaumwa, nani amejifungua. Mama Nduku akabeba barua ndani ya kapu la vitunguu. Baada ya wiki tatu akarudi na jibu, na jibu lilianza kwa kutusalimu watu kumi na mmoja kwa majina, mmoja mmoja. Nililisoma Jumapili mbele ya kanisa, na nilipomaliza wakasema rudia. Nikarudia. Karani mmoja wa Nairobi, mtu mzima mwenye tai, alilia nilipofika kwenye jina lake. Tangu siku hiyo barua zilikwenda na kurudi miaka yote, na nilipohamishwa zikanifuata.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilihamishiwa kanisa la nje, upande wa Isinya, katikati ya uwanda wa Kajiado. Huko mambo yaligeuka. Wamaasai walikuwa nusu ya kanisa, na nusu nyingine ni sisi tuliokuja: Wakamba na Waluhya, wachimbaji wa mawe, wafanyakazi wa mashamba ya maua na walimu. Lakini wazee wa kanisa walikuwa wetu wote. Mwenyekiti wao, Mzee Mutua, alikuwa Mkamba kama mimi, fundi seremala aliyelijenga jengo lile kwa mikono yake, na funguo za kila mlango alizitundika kwenye mkanda wake. Ukimsikia anakuja, ni funguo unazozisikia.

Mkalimani wangu alikuwa Nasieku, mama wa watoto wanne, aliyeongoza nyimbo na kunicheka Kimaasai changu. Na mwalimu wangu wa pili, bila yeye kuambiwa, alikuwa mjane wa miaka sitini hivi aliyeitwa Naisiae. Sisi wote tulimwita Yeyo, yaani mama. Alilea wajukuu watatu. Siku ya kwanza nilimwamkia "Takwenya," akanijibu "Iko," nami nikaanza mara moja kumweleza habari za ibada ya Jumapili. Akaniinulia kiganja.

"Umesalimia mimi," akasema. "Watoto hujauliza. Ng'ombe hujauliza. Nyasi hujauliza."

Nikaanza upya. Nikauliza watoto, nikauliza ng'ombe, nikauliza mbuzi, nikauliza nyasi na mvua. Nilipomaliza akaniambia sasa nieleze habari za ibada, na nilikuwa nimezisahau. Nasieku alicheka mpaka akakaa chini.

Kisha ukaja ukame, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Wenye kuukumbuka hawahitaji nieleze, na nyinyi mliokuwa watoto niwaambie tu kwamba ilifika siku nilipomuuliza Yeyo habari za ng'ombe, akatazama pembeni. Wanaume walihamisha mifugo iliyobaki mbali sana. Akina mama, wazee na watoto wakabaki na maboma matupu.

Tukawaandikia ndugu wa Rombo. Hatukuomba kitu, tuliwaeleza tu hali yetu, kama tulivyozoea. Baada ya siku kumi na mbili, saa nne asubuhi, lori likasimama mbele ya kanisa, limejaa magunia ya mahindi na maharagwe, na juu yake vitunguu ambavyo hakuna aliyevitaja. Dereva alinipa barua. Ndani waliandika kwamba maji ya mlima bado yanafika mashambani kwao, na kwamba sisi ndio tuliowaandikia kwanza. Nilipiga kelele. Nasema kweli, nilipiga kelele katikati ya barabara kama mwanafunzi aliyefaulu mtihani. Haya ndiyo niliyokuwa nimeyasoma kwa miaka yote, kanisa moja likilisha jingine lenye njaa, na sasa nilikuwa nayashika kwa mkono, ni magunia, yana vumbi!

Wazee waliamua wajane wapewe kwanza, kila Jumamosi, kila mmoja kipimo chake. Kazi ya kupanga wakanipa mimi. Nikafungua daftari. Upande wa kushoto niliandika habari inayojulikana: kwamba katika kanisa la kwanza wajane wa upande mmoja walisahauliwa katika mgao wa kila siku, watu wao wakanung'unika, na mitume wakaagiza wachaguliwe watu saba kuisimamia kazi. Upande wa kulia nikaandika: *Tutatengeneza orodha nzuri, asisahaulike hata mmoja.*

Na ilikuwa nzuri, nawaambieni. Wino wa bluu kwa majina, mwekundu kwa vipimo. Nilinakili kutoka kitabu cha zamani cha washirika alichokitunza Mzee Mutua, ambamo kila familia iliandikwa kwa jina la mwenye boma. Kwa hivyo kila mjane nilimwandika hivi: *Mjane wa marehemu*, halafu jina la mume. Walikuwa ishirini na sita, na kumi na wanne kati yao Wamaasai. Nikaweka na sheria: asiyeitika jina lake hapewi, ili mtu asichukue cha mwenzake. Sheria hiyo niliitunga mwenyewe na nilijisikia mwerevu sana.

Jumamosi ya kwanza nilisimama mlangoni na orodha yangu. Nasieku hakuwepo, alikuwa amekwenda Kimuka kumtunza dada yake aliyejifungua. Nikaita jina la kwanza, la mume wa mama mmoja Mkamba. "Niko!" Akapokea. La pili, Mluhya. "Niko hapa, Mwinjilisti!" Akapokea. Nikaita la tatu, la Mmaasai. Kimya. Nikaita tena. Kimya. Nikaita mara ya tatu, nikaandika *hayupo*, nikaendelea. Wanawake wa Kimaasai walikuwa wameketi ukutani, wote. Mimi nilifika pale waume wao wakiwa wameshafariki, kwa hivyo sikujua jina lipi ni la nani. Niliona tu majina kumi na manne yakipita bila wenyewe, na wanawake wale wakivuta shuka zao usoni mmoja baada ya mwingine.

Wakati wa kuondoka nilimfuata Naisiae. "Yeyo, wewe je? Hujapewa?"

"Sijasikia jina yangu," akasema, akaenda zake.

Nikamuuliza Mzee Mutua kama kitabu chake kina makosa. Alikasirika kidogo. "Wajane wote wako hapo. Nimewazika waume zao mimi mwenyewe," akasema. "Labda hawataki chakula cha kupewa. Hawa watu wana heshima zao." Vipimo kumi na vinne vikarudishwa stoo, naye akafunga mlango.

Jumamosi ya pili niliamua kwamba shida ilikuwa sauti yangu. Nikaita kwa nguvu zaidi. Nilisimama juu ya benchi. Baada ya jina la nne wanawake wawili waliinuka wakaondoka wakikimbia, wamejifunika. Mimi nikaandika *hayupo*, *hayupo*, *hayupo*, kwa wino mwekundu. Hadi leo naona aibu nikiandika habari hii, na ninaiandika ili muione.

Jumapili iliyofuata upande wa Wamaasai ulikuwa mtupu. Hakuna hata mama mmoja, hakuna hata mtoto mmoja. Nilihubiri nikitazama mabenchi. Jumatatu asubuhi nikapanda baiskeli nikaenda bomani kwa Naisiae.

Wajukuu wake watatu walikuwa wamelala kivulini mwa nyumba, saa tano mchana, na hakuna aliyeinuka kunisalimu. Jikoni palikuwa na chai ya rangi bila sukari. Nasieku alikuwa pale. Alikuwa amerudi kutoka Kimuka jana yake, na aliponiona hakucheka.

"Mwinjilisti," akasema, "nimesikia. Ulisimama kwa mlango ukaita watu wamekufa. Mara tatu tatu. Kwa sauti."

Sikuelewa. Akanieleza polepole, na wala hakunionea huruma. Kwao mtu akishafariki jina lake halitajwi tena na watu wa nyumba yake. Vijana wa mjini siku hizi hawajali sana, lakini akina mama wale, hata waliookoka, hawawezi. Mjane kuitika jina hilo mbele ya watu, ati "niko," ndiko kungekuwa kubaya zaidi.

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Angekuambia aje?" akasema Nasieku. "Ndiyo akuonyeshe gani ni yake, lazima aitaje."

Yeyo Naisiae muda wote alikuwa akichochea moto usio na kitu juu yake. Sasa akazungumza.

"Mimi nilikuwa naona mahindi," akasema. "Pale nyuma yako. Nilirudi, watoto wakaniuliza wapi chakula. Nikasema, Mwinjilisti leo anaita watu wengine."

Nililia pale pale. Nilimwomba msamaha kwa Kiswahili, kwa Kikamba na kwa Kimaasai changu kibovu. Alinishika mkono. "Wewe si mbaya," akasema. "Lakini wewe unaandika sana."

Mzee Mutua alikuwa amekwenda Machakos kwa mazishi, na ufunguo wa stoo ulikuwa kiunoni mwake. Angerudi kesho yake. Nilikwenda nyumbani nikachukua unga na maharagwe yote niliyokuwa nayo, nikarudi, Nasieku akapika, na watoto wale wakala. Ni nyumba moja. Zilibaki kumi na tatu, na chakula chao kilikuwa hatua thelathini kutoka kwenye dawati langu, nyuma ya kufuli.

Alasiri nikaketi kanisani peke yangu na lile daftari. Nilitaka kuandika orodha mpya. Nikafungua ukurasa wa wajane, nikasoma upande wa kushoto, kisha nikafungua Maandiko nisome tena habari yenyewe, polepole, kama mtu anayetafuta sindano. Na hapo nikaona kitu ambacho nilikuwa nimekisoma mara mia bila kukiona. Mitume hawakutengeneza orodha. Hakuna orodha pale! Walionung'unika ni watu wa Kiyunani, kwamba wajane wao wanasahauliwa na Waebrania, wenyeji wa pale. Halafu wale saba waliochaguliwa wametajwa kwa majina, na majina yote saba ni ya Kiyunani. Yote! Hawakuchukua wanne wa huku na watatu wa kule. Walichukua stoo nzima na funguo zake wakawapa upande uliokuwa ukilalamika.

Nilisimama. Nikatembea kati ya mabenchi nikijisemesha. Nilihesabu yale majina saba kwa vidole, nikayahesabu tena. Kama kungekuwa na mtu pale ningemkumbatia. Nikafuta upande wa kulia, wote, mpaka karatasi ikatoboka kidogo, nikauacha wazi.

Jumanne saa tisa Mzee Mutua alirudi, nami nikawa nimewaita wazee wote. Nikawaeleza kosa langu kwanza, kisha nikawaeleza nilichokisoma. Nikapendekeza saba: Nasieku, Naisiae, na wengine watano, wote Wamaasai, wote akina mama.

Mzee Mutua alisikiliza ameinamisha kichwa. "Mwinjilisti," akasema, "makosa yametokea, tutarekebisha. Lakini tufanye kwa usawa. Watatu wao, wanne wetu."

"Mitume hawakufanya hivyo, Mzee."

"Na je, wakipeana wao kwa wao?"

Nilimpenda Mzee Mutua. Alinitengenezea meza kwa mkono wake na hakutaka shukrani. Kwa hivyo nilimuuliza kwa upole.

"Jumamosi mbili zilizopita, Mzee, sisi tulimpa nani?"

Mzee Mutua akafungua mkanda wake, akalitoa lile furushi la funguo, akaanza kuhangaika na pete ya chuma iliyobana. Ilikataa. Alijaribu kwa kucha, akajaribu kwa meno, na sisi wote tukimtazama, mpaka mzee mmoja akamletea bisibisi. Ufunguo ulipotoka alikuwa amejikata kidole. Aliuweka mezani mbele yangu. "Mpelekee Nasieku," akasema, "na umwambie kufuli inashika, aisukume kwanza."

Ufunguo ulifika kwa Nasieku jioni hiyo hiyo, kabla jua halijazama, na vipimo kumi na vinne vikatoka stoo vikafika maboma kumi na manne. Nilisukuma baiskeli yenye gunia. Sijawahi kuchoka kwa raha namna ile.

Lakini nataka niwaambie habari ya Jumamosi iliyofuata, maana ndiyo iliyonifundisha. Nilifika mapema na orodha mpya mfukoni, yenye majina ya wanawake wenyewe, ikiwa itahitajika. Haikuhitajika. Wale saba hawakumwita mtu. Waliwaketisha wajane wote pamoja, Wakamba, Waluhya na Wamaasai, kwenye duara, kila mtu akimjua aliye kulia kwake. Halafu Naisiae akauliza swali moja, Nasieku akalitafsiri.

"Nani hayuko?"

Mimi kwa miaka yote nilikuwa nikiuliza nani yuko. Mama mmoja wa Kimaasai akasema kuna mwanamke amepanga chumba karibu na machimbo ya mawe, wa kutoka magharibi, mumewe ameangukiwa na jiwe majuzi tu, hajui mtu. Hakuwa kwenye kitabu cha Mzee Mutua wala kwenye orodha yangu yoyote. Sisi tuliokuja kama yeye hatukuwa na habari. Wao walimwona akiteka maji peke yake.

Tulikwenda watatu: Naisiae na kipimo cha mahindi kichwani, Nasieku, na mimi na vitunguu. Mwanamke alifungua mlango nusu. Alikuwa mdogo, mjamzito, macho yamevimba. Aliona watu asiowajua akadhani tumekuja kumuuliza kodi au habari za kifo. Akaanza kujieleza haraka haraka: "Mimi ni mjane wa marehemu..."

Naisiae alimwinulia kiganja, kile kile alichoniinulia mimi siku ya kwanza.

"Hapana," akasema. "Huyo wacha apumzike. Wewe. Wewe jina yako nani?"

Mwanamke alitutazama mmoja mmoja, kama mtu aliyeulizwa kitu alichokiweka mbali na sasa anakitafuta.

"Nafula," akasema.

"Nafula," akasema Yeyo, akautua mzigo kizingitini. "Shika."

Kisha akamuuliza habari za mtoto aliye tumboni, akamuuliza kwao kuna mvua, akamuuliza nyasi. Nilisimama nyuma nikiwa na vitunguu vyangu.

Mvua ilirudi, ng'ombe wakarudi kidogo kidogo, na ufunguo haukurudi. Uko kwa wale saba hadi leo, ingawa wawili wao ni wapya. Mwalimu Barasa nilimwandikia Bungoma nikamweleza yote, kurasa sita, akanijibu kwa mstari mmoja: *Umechelewa, lakini umefika.* Mzee Mutua ndiye anayewasimulia wageni habari hii siku hizi, na kwa namna anavyoisimulia, wazo lilikuwa lake. Nimemwachia.

Daftari nimeliacha kwenye meza ile aliyoitengeneza. Zimebaki kurasa chache zenye mstari katikati, na rula iko ndani. Mkifika kwenye ukurasa wa wajane mtaona kushoto pameandikwa sana na kulia pametoboka kidogo kwa kufutwa. Sikuandika hapo mpango, wala saa, wala orodha. Nimeandika *Nafula*, kwa wino wa bluu.